Phoenix na Mchele wa Shangazi

Mwaka 2023 Siku ya Baiskeli Duniani iliangukia Jumamosi, na hilo ndilo lililonitia wazimu. Umoja wa Mataifa uliitangaza tarehe 3 Juni kuwa siku hiyo mwaka 2018, lakini mimi nilikuwa naisikia redioni tu. Safari hii nikapata habari kuna msafara Dar, watu wanakusanyika Mnazi Mmoja na kuzunguka mpaka Coco Beach. Nikasema potelea mbali, naenda, na baiskeli yangu naenda nayo.

Baiskeli yenyewe ni Phoenix ya marehemu baba: nyeusi, breki za vyuma, keria ya kubebea gunia. Pale kijiweni kwetu Kihonda walicheka sana. Kijana mmoja mwenye baiskeli ya gia akashauri tupige pedeli tangu Morogoro, tulale Chalinze. Ni kama kilomita 190. Nilimsikiliza kwa adabu, lakini barabara ile naijua. Malori ya Zambia na Kongo yanafuatana usiku na mchana, na lori likiamua kulipita jingine, mwenye baiskeli anaingia majanini bila kuombwa. Nikamwambia atangulie, tutakutana huko huko.

Basi likabaki basi. Nikaenda stendi ya Msamvu kuulizia.

"Baiskeli nzima au iliyofunguliwa?" konda akauliza.

"Kuna tofauti?"

"Nzima inalipa nauli ya mtu. Ikifunguliwa, tutaongea."

Fundi wangu ni mzee asiyefanya jambo bila kukufundisha. Pedeli ya kulia aliifungua mwenyewe, kisha akanikabidhi spana nifungue ya kushoto. Nikavuta upande ule ule, nikavuta mpaka mishipa ya shingo ikanitoka, wapi! Yeye anakunywa kahawa yake taratibu. "Ya kushoto inafunguliwa kinyume, mwanangu," akasema kikombe kilipoisha. "Ingekuwa kama ya kulia, ungekuwa unakanyaga huku inalegea." Akang'oa gurudumu la mbele, akakata kijiti na kukipachika katikati ya miguu ya foku ili mizigo isiibane, usukani akaugeuza ulale na fremu. Alipoishika keria nikamzuia. Ilikuwa tayari ina kazi.

Kazi hiyo ilitoka kwa shangazi, anayekaa Kimara. Nilikuwa nimempigia kuomba pa kulala.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Kwa hiyo watu wanatoka Morogoro na mchele, wewe unakuja na baiskeli?"

"Na mchele nitakuja nao, shangazi."

"Wa Ifakara. Usiniletee ule wa kuchanganywa. Kilo 20 zinatosha, na ndizi kidogo."

Usiku nikachora njia nyuma ya kalenda: Kimara, Ubungo, Manzese, Magomeni, Jangwani, Mnazi Mmoja. Binamu yangu, anayefanya kazi Kariakoo, aliikosoa kwa simu kituo kwa kituo. Sambamba na barabara ya mabasi ya mwendokasi ipo njia ya baiskeli, alisema, lakini ina wenyewe: bodaboda, wauza machungwa, na wanaosubiri watu wao. Kwenye lami ya mabasi nisithubutu kuingia. Jangwani nisihofu, masika yamekwisha na Mto Msimbazi umerudi mahali pake. Ila Ubungo, kwenye zile barabara za juu, nishuke nisukume, nivuke na waenda kwa miguu. Mtu mzima nisukume baiskeli mbele ya halaiki! Nikaandika hivyo hivyo. Nikaandika pia kwamba kutoka Kimara kwenda mjini ni mteremko, maana yake jioni nitapanda mlima, na hilo hakuna aliyekuwa na ushauri nalo.

Ijumaa tukafika Mbezi salama, mchele chini, Phoenix juu yake. Nikaanza kuifunga pale pale stendi, bodaboda wakanizunguka. Nilipofika pedeli ya kushoto mmoja akapiga kelele, "Mzee, unaua nati, zungusha huku!" Nikamfundisha, bila kahawa lakini kwa madaha yale yale ya fundi.

Kimara shangazi hakuitazama baiskeli. Alifungua kiroba, akachota mchele kiganjani, akaupuliza, akaunusa. "Ndio wenyewe." Kisha akauliza huo msafara unapita wapi. Nikamtajia: Kivukoni, barabara ya Obama, Daraja la Tanzanite.

"Kivukoni si hapo hapo Feri, kwenye soko la samaki?"

"Ndiyo, shangazi."

"Basi niletee samaki. Si una keria?"

Ndivyo nilivyotokea Mnazi Mmoja asubuhi ile, katikati ya vijana wenye helmeti na kaptula za kubana, nimefunga ndoo ya plastiki nyuma kwa mpira. Yule kijana wa gia alikuwepo, naye amekuja kwa basi. Dada mmoja aliyekuwa akigawa maji akaichungulia ndoo, akaniuliza nauza nini.

"Bado sijanunua," nikamjibu.