Mkono wa Kushoto

Leo nimeng'olewa gego. La chini, upande wa kushoto. Naandika haya huku ganzi ikiondoka polepole, ulimi bado unaburuza, kwa hiyo nyumbani wamepata jioni ya utulivu.

Jino lenyewe lilitoboka zamani, likazibwa, kisha siku moja mzibo ukaondoka na kipande cha muwa. Tangu hapo nilihamia kutafunia kulia, na niwaambie ukweli, mtu anaweza kuishi hivyo muda mrefu sana. Chai ya moto unaipitisha kulia. Maji ya friji unayaacha yapoe ubaridi. Ubuyu na embe mbichi unawaachia wanafunzi. Likianza kugonga usiku, ipo karafuu. Sisi watu wa Tanga karafuu haitupungukii jikoni, ya pilau ni hiyohiyo ya jino: unaiweka kwenye tundu, unaing'ata taratibu mpaka ilainike, mdomo unawaka kidogo, halafu maumivu yanalegea. Wala si uganga. Mafuta yake yana eujenoli, kemikali inayotia ganzi kidogo, na madaktari wa meno wenyewe huyachanganya na unga wa zinki oksaidi kuziba jino kwa muda. Ndiyo maana kliniki nyingi za meno hunukia karafuu. Na hapo ndipo pana shida yangu, maana harufu inayonituliza jikoni, nikikutana nayo kwenye korido yenye mabenchi, magoti yananiisha nguvu.

Utotoni niling'olewa kwenye zahanati moja. Sindano ilichomwa, koleo likafuata papo hapo, na mtu alinishika kichwa. Nilipolia nikaambiwa mtoto mkubwa halii. Sina haja ya kuongeza.

Visingizio havikosekani kwa anayevitafuta. Mtaani kwetu wanaamini uking'oa jino la juu macho yanaharibika. Si kweli, lakini nilisikitika kwamba langu ni la chini, ningekuwa na pa kujifichia.

Wiki ile shavu lilipovimba, wifi yangu alifika asubuhi, akanitazama, akasema, "Wifi, humo umemficha nani?" Hakungoja jibu. Bajaji ilikuwa imeshaita honi nje.

Daktari ni binti ambaye ningeweza kuwa nimemfundisha. Alinipa shikamoo yangu kwanza, ndipo akawasha taa. Akapiga picha ya eksirei, akanionyesha mizizi miwili na kivuli cheusi chini ya mmoja wao. Usaha. Mimi nimeshajikaza, nimeshashika mikono ya kiti, nimeshasoma kila dua ninayoijua, naye ananiambia, "Leo siling'oi, mama." Nilitaka kulia. Ushujaa ule niliukusanya kwa shida, na hauwekwi akiba.

"Nikikuchoma leo ganzi haitashika sawasawa," akasema. "Penye usaha pana asidi."

Hapo akawa amegusa kazi yangu. Mimi ni mwalimu wa kemia. Lignokeini, dawa ya ganzi wanayotumia wengi, ni besi dhaifu. Ili ifike ndani ya neva lazima ipenye utando wa mafuta, na hupenya ikiwa haina chaji. Ukiimwaga penye asidi, sehemu kubwa inapokea protoni, inapata chaji, inakwama nje ya mlango. Maana yake nini? Maana yake anayeogopa ndiye anayechelewa, anayechelewa ndiye anayevimba, na aliyevimba ndiye ambaye sindano humfaa kidogo, kisha anarudi mtaani kusimulia jinsi alivyoumia. Hadithi zote za koleo nilizokua nikizisikia barazani sasa nazitilia shaka hapo. Huenda hata yule bwana wa zahanati alichoma penye usaha. Simtetei, kusubiri dakika chache hakukuwa na gharama, na kichwa changu hakikuwa cha kushikwa.

Nikarudishwa nyumbani na vidonge. Usiku nilisoma habari za ganzi, jambo ambalo simshauri mtu mwoga, ila nilifarijika na mmoja: Horace Wells, daktari wa meno wa Hartford, Marekani. Desemba 1844 alivuta nitrasi oksaidi, ile gesi ya kuchekesha, akakaa yeye mwenyewe kitini, akamwachia mwenzake amng'oe jino. Lignokeini yenyewe ilikuja baadaye sana, Nils Löfgren aliitengeneza Uswidi mwaka 1943.

Uvimbe uliposhuka nikarudi. Sindano ilikwenda nyuma kabisa, pale taya linapopinda, na mara moyo ukaanza kwenda mbio. Nikajua ndiyo hofu imenishinda. "Hiyo ni adrenalini iliyomo kwenye dawa," akasema kabla sijauliza. "Inabana mishipa ya damu ili ganzi ikae. Itapita." Ikapita. Nusu ya mdomo ikawa si yangu.

Kisha akasema jambo ambalo hakuna aliyewahi kuniambia kwenye kiti kile. "Ukisikia maumivu, nyanyua mkono wa kushoto. Nitaacha. Utasikia nasukuma, utasikia mlio, hayo ni ya kawaida. Maumivu si ya kawaida."

Alipoingiza tu kifaa cha kulegezea, nikanyanyua mkono.

Akaacha. Akatoa kifaa, akakiweka kwenye sinia, akakaa.

"Inauma?"

Nikatikisa kichwa. Haikuuma hata kidogo. Nilitaka kuona kama ataacha.

Akacheka nyuma ya barakoa. "Wengi hufanya hivyo," akasema, akachukua kifaa chake tena. Sikuunyanyua tena mkono ule. Ulikaa tumboni, umelegea, na nadhani mabega yalilegea nao.

Tangu utotoni nilidhani jino huvutwa. Halivutwi. Analishika kwa koleo analisukuma nje kuelekea shavuni, ndani kuelekea ulimini, taratibu, mpaka mfupa unaolishikilia unapanuka. Ganzi inaua maumivu lakini haiui mgandamizo, kwa hiyo unasikia nguvu yote ya mkono wake, na mlio hauji kwa sikio, unakuja kwa mfupa, kama mtu anayevunja muwa ndani ya fuvu lako. Halafu pakawa patupu, kabla sijawa tayari.

Akanionyesha kwenye kibakuli cha chuma: kitu cha manjano, mizizi imepinda kidogo, tundu jeusi utosini. Kidogo mno kwa fujo iliyofanya.

Masharti: niume pamba nusu saa. Nisisukutue hadi kesho, nisinywe kwa mrija, maana bonge la damu lililoganda ndilo linalofunika mfupa, likichomoka maumivu yake ni mengine. Aspirini hapana, panadoli ndiyo. Kesho maji ya uvuguvugu yenye chumvi.

Wifi aliuliza kama jino nitalirusha juu ya paa kama watoto. Nikamjibu kwa mkono, mdomo ulikuwa na pamba.

Kabla sijatoka, daktari aliniambia kuna gego la kulia linaanza kutoboka, lazibika, tusilisubiri. Nimeandikishwa wiki ijayo. Nikaandika kwenye karatasi kumuuliza kama na siku hiyo mkono wa kushoto utafanya kazi.

"Hata wa kulia, mama," akasema.