Nilikwenda Istanbul Kupokewa

Feri ya Likoni, kwetu Mombasa, naivuka tangu nikiwa mgongoni mwa mama. Sisi wa ng'ambo hatuna habari nayo: unateremka na umati, mkoba umeukumbatia kifuani, jasho linakutoka, unaingia, na kabla hujapata pumzi mlango unashuka na watu wanakimbilia matatu. Miaka miwili hii niliivuka nikimpeleka mama hospitali na kumrudisha. Mara ya mwisho nilirudi na begi la nguo zake tu.

Basi nilipopata likizo yangu Novemba hii, dada zangu waliniambia niende Lamu nikapunge upepo. Nikawaambia nataka mji ambao watu wake hupumzika wakiwa katikati ya kuvuka. Naandika haya uwanja wa ndege, saa kumi na moja jioni, mikono bado inanuka ndimu na majani ya mzabibu.

Istanbul nilisoma kuanzia 2010 hadi 2014. Niliondoka nikiwa binti wa miaka ishirini na mitatu anayedhani atarudi mwaka ufuatao. Imepita miaka 11. Hata uwanja nilioutumia siku zile umefungwa kwa abiria tangu Aprili 2019, na huu mpya uko mbali, kaskazini, karibu na Bahari Nyeusi. Basi lilipoingia mjini nilikuwa naangalia dirishani nikitafuta kitu cha kukitambua, na sikukiona mpaka nilipofika Eminönü na kusikia honi ya vapur.

Vapur ni feri yao. Mlango-bahari wa Bosphorus umeukata mji vipande viwili, kimoja Ulaya, kimoja Asia, na watu huvuka kwenda kazini na kurudi. Yapo madaraja, la kwanza lilifunguliwa 1973. Tangu Oktoba 2013 ipo pia treni ya Marmaray inayopita chini ya bahari. Nilikuwepo ilipoanza, nikaipanda, nikavuka bara hadi bara kwa dakika nne bila kuona tone la maji. Sikuipenda. Watu wengi mpaka leo wana haraka kama sisi na bado wanapanda vapur, na nilipokuwa mwanafunzi sikuelewa kwa nini.

Safari hii nimeelewa. Kadıköy, upande wa Asia, hadi Eminönü, upande wa Ulaya, ni kama dakika ishirini. Mtu anaingia, anatafuta kiti cha nje, anaweka mfuko wa soko miguuni. Anapita kijana na sinia anaita "Çay! Çay!" na chai yenyewe iko kwenye kikombe kidogo cha kioo kilichobana kiunoni, hakina mkono, unakishika ukingoni kwa ncha za vidole. Haina maziwa, haina tangawizi. Mimi mtoto wa chai ya rangi ya udongo iliyochemka na iliki, mwaka wa kwanza niliiona kama maji ya kuoshea vikombe. Wao huipika kwa birika mbili, moja juu ya nyingine, ya chini maji, ya juu majani, na ikiiva sawasawa huiita tavşan kanı, damu ya sungura. Inue kikombe kwenye jua uone kwa nini.

Siku ya kwanza nilivuka mara nne. Sikuwa na pa kwenda. Nilikaa, nikanunua simit, ule mkate wa duara wenye ufuta, nikala nusu, nusu nikawarushia shakwe wanaofuata meli. Mzee mmoja aliyekaa pembeni yangu aliniona nikirusha vibaya, vipande vinaangukia majini. Akachukua kipande, akakishika juu kati ya vidole viwili, mkono umenyooka, akatulia. Shakwe akaja, akakichukua pale pale vidoleni. Hakuniambia kitu. Akarudi kwenye gazeti lake.

Nyumba niliyofikia ni ile ile niliyopanga chumba nikiwa mwanafunzi, upande wa Kadıköy. Mwenye nyumba ni mama wa miaka sabini na kitu sasa. Namwita Teyze. Waturuki ni kama sisi katika hili, hawawachanganyi ndugu wa kuumeni na wa kukeni: teyze ni dada wa mama, hala ni shangazi, dayı ni mjomba. Kumwita mtu baki Teyze ni kumwambia wewe ni mama yangu mdogo. Alinifungulia mlango, akanitazama, akanishika mashavu kwa mikono yote miwili. Nilishamwandikia habari za msiba. Akasema "Başın sağ olsun," kichwa chako kiwe kizima, ndivyo wanavyotoa rambirambi, kisha akanisogezea malapa ya nyumbani nivae.

Nimeishi na lugha yao na bado inanishangaza. Wao nao wana pole. Anayefanya kazi wanamwambia kolay gelsin, kazi ikujie nyepesi. Aliyeumwa au aliyepoteza hata funguo, geçmiş olsun, ipite. Wageni wengi huniuliza nitawezaje kueleza "pole" kwa lugha nyingine, nami nawaambia nendeni Istanbul, mtaisikia kila baada ya dakika tano. Halafu maneno ya Kiarabu tuliyoyagawana bila kujuana: kitap, kalem, sabun, dünya, haber. Lakini moja ndilo lililonikaa safari hii. Sisi husema msafiri, yule aliye njiani. Wao husema misafir, neno lile lile, ila kwao ni mgeni, yule aliyekwisha fika na kuwekewa mto mgongoni. Miaka miwili nilikuwa msafiri wa Likoni. Nilikuwa wa kuhudumia, wa kukumbuka saa za dawa, wa kuamka usiku. Teyze aliponiambia "Sen misafirsin, otur," wewe mgeni, kaa, niliketi, na magoti yakaanza kunitetemeka.

Chakula nilikuwa sikihisi. Hili sikulisema kwa mtu. Tangu mama ashindwe kumeza, nikawa namkoroga uji mwepesi na kumpa kijiko kwa kijiko, na mimi nikaacha kuonja. Nilikuwa nakula kwa sababu ni saa ya kula. Mbaazi za nazi, mahamri, vitu ambavyo zamani ningevivukia bahari, vyote vilikuwa na ladha moja.

Siku ya tatu Teyze alinipeleka soko la samaki la Kadıköy. Wauza samaki pale huwageuza mashavu ya samaki nje, yakae kama maua mekundu, mnunuzi aone mwenyewe kwamba ni wa leo. Vuli ni msimu wa lüfer, anayeshuka kutoka Bahari Nyeusi kupitia Bosphorus. Huyu samaki wanampenda kiasi kwamba kila umri wake una jina: akiwa mdogo kabisa ni defne yaprağı, yaani jani la mbei, kisha çinekop, kisha sarıkanat, ndipo anakuwa lüfer, na mkubwa kabisa ni kofana. Nikamweleza Teyze kwamba kwetu nazi ndiyo tunayoiheshimu hivyo: kidaka, kitale, dafu, koroma, nazi. Akanifanya nirudie mara mbili. Akamwambia muuza samaki. Muuza samaki akajaribu kusema "koroma" huku anapara magamba, na watu wa foleni wakacheka kwa furaha, nami nikacheka nao.

Tulimchoma jikoni, chumvi tu na ndimu, vitunguu vibichi na majani ya rocket, mboga ya saladi, pembeni. Nilimla kwa mkono. Kwenye tonge la pili nikahisi ndimu. Sijui niielezeje zaidi ya hapo: nikahisi ndimu, ukali wake ukapanda nyuma ya taya.

Sikwenda Ayasofya, lile jengo la kale maarufu. Nimeiingia mara nyingi ilipokuwa makumbusho, na tangu 2020 ni msikiti tena, na foleni yake ni ndefu. Nilikwenda msikiti wa Süleymaniye, ambako kuna ukimya. Mimar Sinan, msanifu majengo wa Kiosmani, aliujenga kwa miaka saba, 1550 hadi 1557, na pembeni yake zilikuwepo shule, hospitali na jiko la kulisha maskini. Nikiwa mwanafunzi mwalimu wetu alituonyesha juu ya mlango: hewa ya ndani ilipangwa ivute masizi ya mamia ya taa za mafuta mpaka chumba kimoja huko juu, na yale masizi yakatengenezwa wino wa kuandikia. Niliswali Adhuhuri, nikabaki nimekaa kwenye zulia, nikamwombea mama kwa Kiswahili. Kisha nikavuka barabara kula maharagwe. Mkabala na msikiti iko safu ya migahawa ya kuru fasulye, maharagwe meupe yaliyochemka polepole na nyanya, na wali pembeni na achari. Si ya nazi, lakini mama angeyakubali. Angeuliza pilipili iko wapi.

Kabla sijarudi nilitaka hamamu, nyumba ya kuogea ya umma. Neno tunalo, Unguja kuna mtaa mzima wa Hamamni, lakini kule maji yalikatika zamani. Nilichagua moja ya mtaani, Üsküdar, wanakokwenda wanawake wa pale pale. Unafunga peştemal, kitambaa cha kuogea, unalala juu ya jiwe kubwa la marumaru lenye joto, katikati, chini ya kuba lenye matundu ya mwanga. Unaachwa hapo mpaka mwili ulegee. Kisha anakuja mwoshaji, natır, wangu alikuwa mama mnene mwenye mikono mizito. Akavaa kese, glovu ya kusugulia, akaanza mgongoni. Kama singo, lakini bila manukato na bila huruma. Uchafu ukatoka kama nyuzi za kijivu, akanishika mkono akaniwekea mbele ya macho nione.

Kisha akasema "Dön, kızım." Geuka, binti yangu.

Mama nilimwogesha kwa miezi kumi na minne. Nilijua kila mfupa. Na siku ya mwisho tulimuosha mimi na dada zangu na bibi mmoja wa mtaani aliyetuongoza, maji ya mkunazi, kisha ya kafuri, na mkono wangu ukawa unafanya kazi kwa mazoea, kwa upole ule ule, kana kwamba atasema maji ni baridi. Tangu nikiwa mtoto hakuna aliyeniogesha mimi. Yule mama aliponiinua kwapa, akanimwagia bakuli la maji ya moto kichwani na kunifuta sabuni machoni kwa kiganja chake, nililia kwa sauti. Hakuuliza. Aliendelea kunimwagia, bakuli baada ya bakuli, mpaka nikawa sijui lipi ni chozi. Alipomaliza akanifunga kitambaa kikavu kichwani, akasema "Sıhhatler olsun," neno wanalomwambia aliyetoka kuoga. Siha iwe kwako.

Nilitoka nje jioni, baridi, mashavu yanawaka. Nilikuwa na njaa. Nilikula vikombe viwili vya supu ya dengu na mkate mzima.

Siku mbili za mwisho sikutoka. Teyze alinunua majani ya mzabibu ya chumvi tukakaa mezani tukikunja sarma. Unalaza jani upande unaong'aa ukiwa chini, mishipa juu, unakata kikonyo, unaweka mstari mwembamba wa mchele uliokaangwa na zabibu ndogo, mdalasini na nanaa kavu, unakunja pembe ndani, unaviringisha. Isiwe nene. Sifa ya sarma ni iwe kalem gibi, kama kalamu. Zangu za kwanza zilikuwa kama vidole gumba, akazifungua kimya kimya na kunirudishia jani. Baada ya saa moja tukawa tunakwenda sambamba, hatuongei, redio inaimba. Nikamweleza jinsi mama alivyokuwa akikunja sambusa, manda anaishika na vidole vitatu tu. Ilikuwa mara ya kwanza kumzungumzia akiwa mzima jikoni, si kitandani. Teyze akanitaka nimuonyeshe. Hatukuwa na manda, nikamuonyesha kwa kitambaa cha mezani.

"Ellerine sağlık," akasema tulipokula. Afya iwe mikononi mwako. Sikujua kama alinisema mimi au mama.

Leo mchana teksi ilipofika alinipakia bakuli la sarma limefungwa taulo. Akanibusu, akaniambia niende nisigeuke. Nilijua anachofanya, nilishaona akimfanyia mwanawe akienda jeshini. Nilipokuwa naingiza begi nikasikia nyuma yangu maji yanamwagwa barabarani, ndoo nzima, na sauti yake: "Su gibi git, su gibi gel." Nenda kama maji, rudi kama maji.

Yaliteremka kwenye mawe ya njia, yakanifikia visigino. Viatu bado havijakauka.