Ndoo

Vuli ya mwaka 1996 ilipita Lamu bila mvua ya maana, kwa hiyo nilipofikishwa kwa bibi mwezi wa nne wa mwaka uliofuata, kitu cha kwanza nilichokatazwa ni kuoga ndoo nzima. Kata tatu, akasema. Moja kichwa, moja mwili, moja miguu. Nilikuwa na miaka tisa, nimezaliwa na kukulia Pangani, Nairobi, ambako maji hutoka ukutani, na siku yasipotoka watu huwalaumu watu wa kanjo, yaani serikali ya jiji. Pale Mkomani, mtaa wa bibi, sikuona wa kulaumiwa.

Mfereji ulikuwapo, tusidanganyane. Maji ya mji hutoka visima vya Shela, kwenye vilima vya mchanga. Mvua inayonyesha kule huzama mchangani, ikakaa juu ya maji ya bahari kama mafuta juu ya mchuzi, na ukiyateka kwa pupa chumvi hupanda. Mwaka ule yalikuja kwa zamu, na yakija, chai ilitaka sukari mara mbili. Bibi aliyatumia kufulia na kuoshea vyombo. Ya kunywa na ya kupikia wali yalitoka kwenye birika.

Birika lenyewe lilikuwa kwenye pembe ya kiwanda, yaani ua wa ndani ya nyumba, limejengwa kwa mawe na chokaa, refu kunipita kifua. Ukichungulia uliona giza, kisha macho yako yakizoea uliona samaki wawili wadogo, wembamba kama kidole cha mtoto. Nilidhani ni wa kuchezea. Nikaambiwa hao ndio walinzi: mbu akitaga majini, wao hula vijiluwiluwi kabla havijaota mabawa. Majina hawakuwa nayo. Bibi alikuwa akiwaita "hao wazee".

Juu ya nyumba kulikuwa na sakafu ya chokaa, wazi, imeinama kidogo kuelekea upande mmoja ambako hata mpira nilioutua ulikwenda wenyewe. Huko kulikuwa na matundu mawili. Tundu la kwanza lilikuwa na mlizamu uliotoka nje ya ukuta na kumwaga maji kichochoroni, juu ya kichwa cha mpita njia asiyekuwa na bahati. La pili lilishuka ndani ya ukuta mpaka kwenye birika. Hili la pili lilikuwa limezibwa kwa furushi la matambara lililokandikwa udongo, na bibi alikuwa akilikagua kila alasiri, mbingu ikiwa na wingu au haina.

"Mai ya kwanda ni ya kuosha, si ya kunwa," aliniambia.

Na ukiijua sakafu ya Lamu hutambishia. Miezi mitano bila mvua, vumbi la kaskazi, mavi ya kunguru, na paka. Paka wa Lamu wana mji wao juu ya mji wetu, na sitaki kueleza choo chao ni wapi. Juu ya hayo, wiki mbili kabla sijafika, fundi alikuwa amepaka chokaa mpya kuziba nyufa. Kwa hiyo mvua ya mwanzo ilitakiwa ioshe yote hayo yende kichochoroni. Maji yakianza kupita meupe, bibi angeyakinga kwa kiganja, ayanuse, ayaonje, ndipo furushi lihame kutoka tundu hili kwenda lile.

Nilikuwa na siku tatu tu Lamu mvua ilipokuja. Usiku, baada ya isha. Upepo uligeuka kwanza, milango ikapiga, halafu kukawa na harufu ile ya chokaa iliyoloa ambayo mpaka leo nikiisikia kwenye nyumba inayojengwa husimama. Bibi alipanda na fagio na taa ya chemli. Mimi niliachwa chini nishike mlango wa jikoni.

Nikasikia sauti yake kutoka juu, katikati ya kishindo cha maji:

"Ndoo! Ndoo yuu! Hima!"

Msichana mwenye adabu hangoji kuitwa mara mbili. Nilikimbilia jikoni kutafuta ndoo. Haikuwapo. Nikakumbuka jioni ile tulikuwa tumewaazima majirani. Nyumba yao na yetu ziliungwa na wikio, kile chumba kinachopita juu ya kichochoro, wanawake wakitembeleana bila kushuka njiani. Nikapita wikioni mbio. Mama wa kule alikuwa naye anahangaika na mlizamu wake, akaniambia ningoje amwage kwanza maji aliyokuwa ameyatia. Nikangoja. Nyuma yangu nilikuwa nikisikia "Ndoo! Ndoo!" na kila niliposikia nilizidi kumhimiza yule mama.

Nilipofika juu na ndoo yangu ya bati, mkono umekatika kwa uzito wake, bibi alikuwa amepiga magoti kwenye maji yaliyomfika mapajani. Magoti yake hayo hayakuwa ya kupigwa. Kuswali kwenyewe alikuwa akiswali juu ya kiti. Kiota cha kunguru kilikuwa kimesukumwa na maji kikaziba tundu la mlizamu. Maji yakakosa pa kwenda, yakapanda, yakalisukuma furushi la matambara likatoka kama kizibo, na uchafu wote wa miezi mitano ukawa unashuka ndani ya ukuta. Nilisikia mngurumo wake. Alikuwa akijaribu kuziba tundu kwa kanga yake, na mkono mwingine ukitafuta kile kiota, na mikono miwili haikutosha.

Aliitazama ile ndoo. Kisha akanitazama mimi.

"Nalikwita wewe," akasema.

Sikumwelewa. Nairobi tukimwita mtu tunasema "kuja", na mama yangu, ambaye ni mtoto wake, alikwisha kuwa na Kiswahili cha Nairobi, akitubembeleza sana ndipo husema "njoo". Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba kwa Waamu njoo ni ndoo, kama vile njia ni ndia na maji ni mai. Nikajibu kwa heshima zote, "Ndiyo bibi, nimeleta."

Asubuhi wale wazee wawili walikuwa wakielea. Maji yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa, na nadhani kilichowaua si uchafu bali ile chokaa mpya, maana yalichoma macho. Bibi aliwatoa kwa kata, mmoja mmoja, akawafukia kwenye chungu cha mkilua. Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Alisema tu kwamba mtu mzima hapiti kwenye mdomo wa birika, na mimi nilikuwa mwembamba.

Kwa hiyo niliingia mimi. Nilichota kwa debe, mjomba akipokea juu, madebe ishirini na kitu, yakaenda kuosha kiwanda, choo, ngazi, na mengine alichukua mwenye punda kwa kazi ya ujenzi. Nikafika chini, magoti yangu kwenye tope, na mkono wangu ukagusa kitu laini na baridi. Kombe la kauri, limejengewa kwenye sakafu ya birika, la buluu na nyeupe, limemeguka ukingoni. Nililipangusa kwa kidole likatoka ua. Mjomba akanieleza kutoka juu, sauti yake ikivuma mle ndani: maji yakipungua sana, yanayobaki hubaki kwenye kombe, na samaki huishi humo mpaka mvua. Miezi mitano ile yote ya ukame wale wazee walikuwa wamepona. Nililia mle ndani, na uzuri wa birika ni kwamba mtu wa juu hajui unalia au unasugua.

Siku kumi na moja tulinunua maji kwa mtungi, yaliyoletwa na punda. Bibi alifukiza mtungi wa kunywea kwa ubani kama kawaida lakini alisema hayana ladha. Miaka mingi baadaye, shuleni, nilifundishwa kwamba milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, nikaichorachora sakafu ya bibi pembeni ya daftari. Mita arobaini hivi. Mvua nzuri moja ya milimita ishirini na tano, lita elfu moja, madebe hamsini. Mwalimu aliniuliza nacheka nini. Sikuwa nikicheka.

Mvua ya pili ilikuja mchana, ile ya kusi inayonyesha kwa adabu. Jirani alikuwa ametupatia samaki wawili kutoka birika lake na walikuwa wakingoja kwenye chupa ya jemu. Bibi alipanda. Mimi nikakaa kwenye ngazi ya mwisho, miguu tayari.

"Ndoo!" akaita.

Niliruka ngazi mbili mbili, nikafika sakafuni mikono mitupu, nikasimama mbele yake nikihema. Furushi lilikuwa tayari limehama. Maji yalikuwa yakishuka birikani meupe kabisa, na mengine yakimwagika pembeni bure, kwani alikosa cha kuyakingia.

Akanitazama mikono.

"Ndoo iwapi?" akasema.