Daftari la Mama na Shamba la Galana

Mama yangu amekuwa akiandika matumizi ya nyumba katika daftari tangu tulipokuwa wadogo, na hadi leo, baada ya swala ya Isha, huketi barazani hapa Mombasa akaandika unga, mafuta ya kupikia aliyopimiwa dukani, nazi, nauli ya matatu na samaki wa siku hiyo. Madaftari ya zamani hayatupi. Juzi niliyatoa kabatini nikayasoma kwa mfululizo, nikitafuta kitu kimoja tu, bei ya pakiti ya unga wa kilo mbili. Katika kurasa za katikati ya mwaka 2017 ni shilingi 90. Katika kurasa za Julai 2022 imevuka shilingi 200, halafu kwa wiki chache inaandikwa 100, na baada ya hapo inapanda tena. Unga ni uleule wa sima, na sufuria ni ileile.

Tunapouliza sababu ya kupanda na kushuka huku, tunatajiwa ukame, vita vya Ukraine na kuanguka kwa shilingi, ambayo mwezi wa Januari 2024 ilifika zaidi ya 160 kwa dola moja ya Marekani. Sababu hizi ni za kweli na sina nia ya kuzikanusha. Ninachotaka kueleza ni sababu nyingine isiyotajwa sana, kwa kuwa imetengenezwa hapa nyumbani na watu tuwajuao: fedha za umma zinazotumika bila kuleta kitu, ambazo gharama yake hutufikia dukani ikiwa imevaa jina la bei.

Nianze na shamba la Galana-Kulalu, kwa sababu liko huku kwetu Pwani, katika kaunti za Tana River na Kilifi, na kwa sababu lilianzishwa kwa ajili ya unga huohuo. Mwaka 2014 serikali ilitutangazia kwamba ingelima kwa umwagiliaji eka milioni moja, ikianza na shamba la majaribio la eka 10,000 lililokabidhiwa kampuni ya Green Arava kutoka Israeli. Maji yangetoka Mto Galana, mto uleule unaoingia baharini karibu na Malindi kwa jina la Sabaki. Wazo lenyewe halikuwa baya. Anayeijua ardhi ile anajua kwamba jua lipo na udongo upo, na kwamba maji ya mto ule mwaka baada ya mwaka hupita yakamwagika baharini. Mabilioni ya shilingi yakatumika, mabomba yakatandazwa, mahindi kiasi yakavunwa. Kisha ukaja mvutano wa malipo kati ya serikali na mkandarasi, na mwaka 2019 mkandarasi akaondoka huku hata zile eka za majaribio hazijakamilika. Baadaye mradi ulifufuliwa, safari hii kwa kushirikiana na mwekezaji wa kibinafsi.

Katikati ya muda huo, mwaka 2017, ukame ulitangazwa kuwa janga la kitaifa na unga ukaadimika madukani. Mwezi wa Mei meli ikatia nanga katika bandari ya Mombasa ikiwa na tani zipatazo 30,000 za mahindi meupe kutoka Mexico, na serikali ikafidia bei ili pakiti iuzwe kwa shilingi 90. Nakumbuka foleni za unga ule, na namna kila mnunuzi alivyowekewa kikomo cha pakiti. Hiyo 90 iliyoandikwa katika daftari la Mama, kwa hivyo, si bei kamili. Sehemu moja aliilipa dukani, na sehemu nyingine aliilipa kupitia kodi, wakati huohuo alipokuwa pia akilipia shamba ambalo lingalipaswa kuizuia meli ile isihitajike. Mwaka 2022, katika wiki za mwisho kabla ya uchaguzi mkuu wa Agosti, fidia ikarudi na pakiti ikawa 100. Uchaguzi ukapita, fidia ikaondoka, na wenye viwanda vya kusaga wakabaki wakidai malipo yao.

Wengi wetu tukisikia fedha za umma zimepotea hufikiria wizi, na wizi upo. Mwezi wa Januari 2021 Rais Uhuru Kenyatta mwenyewe alisema redioni kwamba shilingi bilioni mbili huibwa kila siku, kauli ambayo hadi leo inanishtua kwa kuwa aliyeitoa ndiye aliyekuwa akiiongoza serikali. Hata hivyo, mwizi anaweza kushtakiwa. Ufujaji ni mgumu zaidi kuushika, kwa sababu mara nyingi kila hatua yake ina sahihi na mhuri. Mikataba ya mabwawa ya Arror na Kimwarer, katika Kaunti ya Elgeyo Marakwet, ilitiwa saini mwaka 2017 kwa thamani ya takriban shilingi bilioni 63 kwa pamoja. Mkandarasi, kampuni ya CMC di Ravenna ya Italia, alilipwa malipo ya awali ya mabilioni, kisha akaingia katika matatizo ya kifedha. Bwawa la Kimwarer likafutwa mwaka 2019, na la Arror likabaki katika michoro. Kesi ilifunguliwa, na mwezi wa Desemba 2023 mahakama ikawaachilia washtakiwa. Sina neno dhidi ya watu ambao mahakama imewaondolea mashtaka. Lakini hukumu ile haikuleta maji bondeni, na mkopo uliochukuliwa kwa ajili ya mabwawa hayo unaendelea kudaiwa.

Kuna hata gharama ambayo mwananchi wa kawaida haambiwi kabisa. Serikali ikisaini mkopo wa mradi, kisha ikachelewa kuuchukua kwa sababu ardhi haijalipiwa fidia au zabuni imekwama, mkopeshaji huitoza ada kwa kila kiasi kilichoachwa bila kuguswa. Ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimeilalamikia ada hii zaidi ya mara moja. Ni kama mtu kulipia chumba cha kupanga ambacho hajapewa ufunguo wake. Wazee walituachia neno lao, kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa daftari lipo, limechapishwa, na habari hatuipati kwa sababu hatusomewi.

Gharama hizi hufika sokoni kwa njia zinazoweza kufuatwa hatua kwa hatua. Mwezi wa Julai 2023 kodi ya ongezeko la thamani, yaani VAT, katika mafuta ilipandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16, na lita ya petroli jijini Nairobi ikaruka kutoka shilingi 182.04 hadi 195.53. Kwetu sisi petroli si jambo la wenye magari peke yao. Mvuvi anayetumia boti ya mashine huipima petroli kabla ya kutoka kwenda kutega, na akirudi huweka gharama yake juu ya samaki. Mchuuzi naye huongeza nauli ya tuktuk. Na katika daftari la Mama, kuanzia mwezi ule, samaki aina ya changu wanazidi kuwa wachache na dagaa wanazidi kuwa wengi.

Njia nyingine hupitia benki. Mwezi wa Februari 2024 serikali iliuza hatifungani ya miundombinu, yaani hati ya kukopea fedha, yenye riba ya zaidi ya asilimia 18. Benki inayoweza kuikopesha serikali kwa riba hiyo, tena bila wasiwasi, haina haja ya kuhangaika na mwenye duka anayetaka kuongeza bidhaa, na ikimkopesha humtoza zaidi ya hapo, naye hana pa kuirudisha riba hiyo isipokuwa katika bei ya sukari. Njia ya tatu nimeiona katika ukoo wetu. Shemeji yangu aliiuzia ofisi moja ya umma vifaa, akangoja malipo kwa zaidi ya miaka miwili huku mkopo wake ukizaa riba. Siku hizi akiombwa bei na ofisi yoyote ya umma huongeza gharama ya kungoja, na kwa hivyo serikali hununua ghali kile ambacho jirani yake hununua rahisi.

Mwaka 2024 Mswada wa Fedha ulipendekeza VAT ya asilimia 16 katika mkate. Vijana waliingia barabarani, maisha yakapotea, na tarehe 26 Juni, siku moja baada ya Bunge kuvamiwa, Rais William Ruto akatangaza kwamba hatautia saini. Tarehe 5 Julai akatangaza kuvunjwa kwa mashirika 47 ya serikali na kupunguzwa kwa washauri kwa nusu. Nilifurahi, kisha nikajiuliza kwa nini mashirika hayo yaliweza kuishi miaka yote hiyo, na kwa nini ilibidi damu imwagike ndipo yahesabiwe. Mwezi huohuo tozo ya matengenezo ya barabara ikapanda kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa kila lita ya mafuta.

Katiba yetu, katika kifungu cha 201, inataka fedha za umma zitumike kwa busara na wananchi washirikishwe. Kwa hivyo nilihudhuria kikao cha maoni ya umma kuhusu bajeti, na Mama akafuatana nami, daftari likiwa mkobani. Kitabu cha makadirio tulikabidhiwa asubuhi ileile, kwa Kiingereza, kikiwa kinene kuliko ambavyo mtu angeweza kukisoma kabla ya adhuhuri. Nilimtafsiria ukurasa mmoja unaohusu mradi wa maji wa karibu na kwetu. Akasimama akauliza: mradi huu ulitengewa fedha mwaka juzi na mwaka jana, na leo umo tena kama mpya, fedha za miaka ile miwili zilikwenda wapi? Afisa alimjibu kwa adabu, “Mama, swali lako tumelinakili, utajibiwa kwa maandishi.” Mama akaiandika tarehe ya siku hiyo chini ya bei ya unga, na kila mwisho wa mwezi huniuliza kama barua imefika.