Saa ya seva ya Mokowe iliyokwamisha saraka yetu

Ofisi yetu ina seva mbili za OpenLDAP, programu ya saraka inayotunza majina na nywila za wafanyakazi, moja Mokowe upande wa bara na nyingine kisiwani Amu (Lamu), na kila moja hupokea mabadiliko na kuipelekea nyingine, kwa sababu mawasiliano ya kuvuka bahari hukatika na si haki mtu ashindwe kuingia kazini kwa kosa la upande wa pili.

Jumanne moja ya Machi 2024, mama wa masjala alishuka kwenye boti akanijia moja kwa moja. "Mwanangu, nywila niliyobadilisha jana Mokowe, huku hainikubali." Ya zamani ilikubali. Nilishuku mtandao, lakini mabadiliko ya Amu yalikuwa yakifika Mokowe bila taabu. Yaliyokwama ni ya kutoka Mokowe peke yake.

Kila badiliko katika saraka hupigwa muhuri wenye tarehe na saa, hadi sehemu ya milioni ya sekunde, pamoja na namba ya seva lilikozaliwa. Seva inayopokea huweka kumbukumbu ya muhuri wa mwisho iliyoupata kutoka kwa kila mwenzake, na likija badiliko lenye muhuri wa nyuma ya huo, huhesabu kwamba imekwisha kulipata, ikaliacha lipite. Niliiweka mihuri miwili sambamba: kumbukumbu ya Amu kuhusu Mokowe ilianza na 20240303, yaani tarehe 3 Machi 2024, na muhuri wa ile nywila ulianza na 20200101, yaani tarehe 1 Januari 2020.

Umeme ulikuwa umekatika Mokowe usiku wa Jumapili. Betri ndogo ya ubao mama, inayoiendesha saa kompyuta ikizimwa, ilikuwa imekufa, saa ikarudi mwaka 2020, na seva ikaamka kabla ya kuulizia saa sahihi mtandaoni.

Mwenzangu alishauri tufute data ya Mokowe na kuijaza upya kutoka Amu. Nilikataa katakata, maana nakala ya Amu ndiyo iliyokosa mabadiliko hayo, nasi tungeyapoteza kabisa. Nilibadilisha betri, nikahakikisha saa inasawazishwa kabla ya saraka kuanza, kisha nikatafuta maingizo yote ya saraka, yaani rekodi zake, yenye muhuri wa 2020. Yalikuwa kumi na moja. Nililigusa kila moja kwa badiliko dogo ili lipate muhuri mpya, na kwa kuwa ingizo husafirishwa zima, nywila nazo zilivuka. Mama yule alijaribu tena akiwa amesimama mezani pangu, akaingia.