Miche Iliyokauka

Mwaka 2011 nilirudi Nanguruwe na F ya hisabati, pamoja na neno nililokuwa nimelibeba tangu darasa la tano: huyu hana kichwa. Nililiamini kama mtu anavyoamini kimo chake.

Mjomba alikuwa amefundishwa kubebesha mikorosho na wataalamu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele, Mtwara. Akanipa miche arobaini ndani ya viriba. Unakata kichwa cha mche, unapasua shina katikati, unachonga kikonyo, yaani kijiti kilichokatwa kwenye mkorosho mama, pande mbili kama kabari, unakichomeka, unafunga kwa utepe wa nailoni, kisha unakivika kifuko cha plastiki, kile cha kufungia barafu. Nilifanya yote kwa siku moja.

Wiki tatu baadaye thelathini na saba ilikuwa imekauka.

"Mjomba, mimi sina mkono wa kazi hii. Mpe mdogo wangu."

Hakunijibu. Alivuta kigoda, akaniambia nilete miche yote, iliyokufa na iliyo hai. Kwetu mjomba akisema kaa, unakaa. Tukaanza kufungua nailoni, mche mmoja baada ya mwingine.

"Hapa unaona nini?"

Nilitaka kusema naona umekufa. Nilipoinamia nikaona ule ukijani wa chini ya gamba la kikonyo ulikuwa umepita pembeni, haukukutana na ukijani wa shina. Mwingine ulikuwa mweusi ndani, maji yalipenya kwa sababu nilifunga kwa kulegeza. Mingi, kadiri tulivyosogea safu za nyuma, ilikuwa na mkato uliochanikachanika kama ulitafunwa.

"Hii mitatu uliibebesha saa ngapi?"

"Asubuhi, mwanzo kabisa." Yote ilikuwa safu ya kwanza.

"Nyembe ulitumia ngapi?"

"Mmoja."

Alinyamaza, akaendelea kufungua. Mimi ndiye niliyeacha kazi, nikatazama vidole vyangu. Mkono uliobebesha ile mitatu ndio uleule uliobebesha mche wa arobaini. Kilichobadilika ni wembe.

Awamu ya pili ilichipua kumi na tisa. Nilimkimbilia nikitarajia aniambie sasa nina akili. Akauliza, "Safari hii umebadilisha wembe mara ngapi?"

Iliniuma kidogo wakati ule. Nilikuja kumwelewa nikiwa chuo cha ualimu, niliposoma utafiti wa mwaka 1998 wa wanasaikolojia wawili wa Marekani, Claudia Mueller na Carol Dweck. Watoto wa darasa la tano waliosifiwa kwa akili zao, wengi walichagua kazi nyepesi ambazo wangeonekana hodari. Waliosifiwa kwa juhudi walichagua zile ambazo wangejifunza kitu. Nilisoma ukurasa ule mara mbili, nikamwona mjomba juu ya kigoda chake.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Usiku wa ile miche kumi na tisa nilitoa daftari la hesabu chini ya godoro, nikawasha koroboi. Tangu matokeo yatoke sikuwa nimeligusa. Kila palipokuwa na alama nyekundu nilisimama, nikajiuliza kama mjomba: hapa unaona nini? Kosa la kwanza, alama ya kutoa iliyokuwa nje ya mabano niliisahau nilipoyafungua. La pili, vilevile. La tatu nilikosea kugawanya. La nne, mabano tena.

Nikachukua penseli, nikaanza kuyahesabu.