Nilipomsomea Mama Ayubu

Mama alipofanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, daktari alimpa makatazo: asiiname, asifikiche jicho, asinyanyue kitu kizito, asilalie upande wa kulia. Kusoma hakukukatazwa, ila hakukuwa na haja ya kukukataza. Jicho la kulia lilikuwa limefichwa chini ya kifuniko cha plastiki chenye matundu madogo, plasta imekatiza kuanzia kwenye paji hadi shavuni. La kushoto, ambalo zamu yake ilikuwa bado, liliona mwanga na vivuli tu.

"Mtoto huyu ameondoka bila kuniliza," alisema akiipapasa plasta.

Nilicheka. Yeye hakucheka, nikanyamaza.

Nilikwenda kukaa naye kwa juma moja, kazi yangu ikiwa kumtia dawa ya matone mara nne kwa siku. Siku ya pili akaagiza nimletee Biblia yake. Ulikuwa mwezi aliofariki mdogo wangu, na kila mwaka mwezi huo mama husoma kitabu cha Ayubu, sura zote 42, bila kuruka. Dada alikuwa amejaribu jioni iliyotangulia. Hakuvuka sura ya kwanza. Pale upepo unapoiangusha nyumba na watoto wote kumi wa Ayubu wamo ndani, sauti ilimkatika, akaenda jikoni kuosha vyombo vilivyokwishaoshwa.

"Dada yako analia, baba yako anasinzia," mama akasema. "Utasoma wewe."

Mimi siamini. Wakati huo nilikuwa na miaka 31, na kwa miaka 16 sikuwa nimeamini. Nyumbani hapakuwa na mtu aliyejua, au ndivyo nilivyodhani. Nilisimama waliposimama, nikafumba macho walipofumba, nikasema amina pamoja na wengine. Nilikuwa mnafiki mwenye adabu.

Kwa hiyo nikasoma. Jioni ya kwanza tulikwenda haraka: mali inateketea, watoto wanakufa, Ayubu anakaa majivuni akijikuna kwa kigae. Marafiki zake watatu wanakuja, wanakaa naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kusema neno. Hapo mama alinisimamisha. Alisema hao walikuwa marafiki wazuri kabisa mpaka walipofungua midomo.

Kweli walipofungua walimaliza uzuri wote. Elifazi, Bildadi na Sofari wanazunguka sura baada ya sura na jambo moja: umekosa mahali, ndiyo maana. Nilisoma kwa sauti iliyonyooka, kama mtangazaji wa taarifa ya habari. Baba alikuwa kwenye kiti chake, kidevu kifuani. Baba ni mtu wa namna ya tatu. Niliwahi kumuuliza, tukiwa wawili tu, kama anaamini kweli. Alifikiri kitambo, akasema, "Mimi huenda kwa sababu mama yenu huenda." Nadhani nyumba za ibada zina watu wengi kama baba kuliko kama mama au kama mimi, na hakuna anayewaandika.

Jioni ya tatu nikachoka. Anaibuka kijana mmoja, Elihu, ambaye hakutajwa popote kabla, naye anahutubia kwa sura sita. Niliona mama ametulia, jicho zima limefumbwa, nikafunua kurasa kama nne hivi kwa pamoja, nikaendelea kwenye upepo wa kisulisuli ambamo Mungu anaanza kujibu.

"Rudi," mama akasema. "Umemwacha yule kijana."

Nikarudi. Nilipokuwa namalizia Elihu, akasema tena, kwa sauti ile ile ya kuagiza maji ya kunywa:

"Unasoma vizuri. Lakini unasoma kama mtu aliyeokota barua ya watu wengine."

Nikauliza ana maana gani. Hakunijibu.

"Tangu lini?" akauliza.

Ningeweza kusema uongo. Nilikuwa na uzoefu. Lakini ni vigumu kumdanganya mtu ambaye hakuoni. Huna uso wa kukusaidia, umebaki na sauti tu. Nikasema, "Tangu wodini."

Nilikuwa na miaka 15, mdogo wangu 9. Homa ilimshika siku nne. Tuliomba siku zote nne, kwa zamu, kwenye benchi la ukutani lililokuwa na msumari uliochomoza, na kila aliyekaa alijifunza kuukwepa. Kitanda cha pili alilala mtoto wa umri ule ule, ugonjwa ule ule, naye mama yake alikuwa akiomba. Usiku wa nne mmoja alipona na mwingine akafa. Asubuhi yule mama akapiga magoti katikati ya vitanda viwili, akamshukuru Mungu kwa sauti, akasema Mungu husikia. Hakuwa mbaya. Alikuwa hajatambua kwamba shuka ya kitanda cha mdogo wangu ilikuwa imevutwa hadi juu. Mama yangu akaenda akamkumbatia. Nikasimama pale nikipiga hesabu ya vitanda viwili, na sijawahi kuimaliza mpaka leo. Ninachojua ni kwamba jioni yake nilipofumba macho kusali, nilikuta hapana mtu. Sikukasirika wala sikuamua. Ilikuwa kama kupiga hodi kwenye chumba ulichokizoea, na kwa mlio tu wa mlango ukajua wenyewe wamehama.

Haya yote nilimweleza mama, kwa maneno machache kuliko haya.

"Mimi pia," akasema. "Tangu wodini."

Nilidhani sikusikia vizuri. Akanieleza kwamba kabla ya pale alikuwa akienda ibada kama anavyokwenda baba: mama yake alikwenda, naye akaenda. Kuomba kwake kulikuwa ni kuagiza. Alipokuwa amemkumbatia yule mwanamke, mikono yake imemzunguka mwenye bahati, alihisi kuna mtu amemshika yeye kwa nyuma asianguke. Aligeuka. Hapakuwa na mtu. "Ndiyo siku niliyoamini," akasema. "Yale ya nyuma yalikuwa mazoea."

Wodi moja, asubuhi moja, kila mmoja amesimama hatua tatu kutoka kwa mwenzake, yeye akakuta mtu mahali ambapo mimi nilikuta patupu.

Miaka ile yote nilikuwa nikisoma kutafuta sababu, kwa siri, kama wengine wanavyosoma habari za ugonjwa wanaohisi wanao. Nilikuta maelezo mengi, na kila moja lilitosha nusu ya nyumba yetu. Joseph Henrich, mwanazuoni wa mageuzi ya utamaduni, aliandika mwaka 2009 kwamba mtoto hashawishiwi na maneno ya mtu mzima kama anavyoshawishiwa na matendo yanayomgharimu huyo mtu mzima: mfungo, sadaka, usiku wa kukesha. Ni hoja nzuri. Lakini mimi na dada tulimwona mama yule yule akifunga mifungo ile ile. Watafiti wa mapacha nao wanasema malezi yana nguvu sana juu ya dini ya mtu akiwa mdogo, kisha akikua na kujitegemea, maumbile aliyozaliwa nayo yanaanza kusikika zaidi. Huenda. Hiyo ingenieleza mimi na dada, ila isingeniambia kwa nini ilikuwa asubuhi ile na si nyingine.

Kisha kuna wale wanaosema imani ni uamuzi. Blaise Pascal, mwanahesabu wa Ufaransa, aliipanga kama kamari: ukiweka dau kwamba Mungu yupo na ikawa kweli, umepata kila kitu, ukishindwa, hukupoteza kitu cha maana. Na anayeshindwa kuamini alimshauri aanze kwa kutenda kama waumini, imani itamfuata. Nilitenda kama waumini miaka 16. Haikufuata. Kilichonistaajabisha baadaye ni kwamba Pascal mwenyewe hakuipata kwa njia hiyo. Usiku wa tarehe 23 Novemba 1654, kuanzia kama saa nne na nusu hadi saa sita na nusu, jambo fulani lilimpata ambalo aliliandika kwenye karatasi, neno la kwanza baada ya tarehe na saa likiwa "moto". Karatasi ile aliishonea ndani ya koti lake, akaivaa miaka minane, ikagunduliwa alipokwisha kufa mwaka 1662. Fundi wa hesabu za bahati, na kilichomshika hakikupitia kwenye hesabu.

Nilimsimulia mama habari ya koti. Akaipenda sana. Akauliza nani alikuwa akilifua.

Sijui kama mazungumzo hayo yaliishia pale au tuliendelea. Nakumbuka tu kwamba ilifika saa ya dawa. Nilibandua plasta polepole ili isimvute nyusi, nikashusha kope ya chini kwa kidole, nikadondosha tone moja. Jicho lilikuwa jekundu pembeni, na katikati, palipokuwa na ukungu wa kijivu miaka miwili, palikuwa peusi na safi. Jicho lile lilinitazama. Sijui liliona nini.

"Umezeeka," mama akasema.

Jioni ya nne tulifika mwisho. Mungu anajibu kutoka katika kisulisuli, ila hajibu alichoulizwa. Anauliza yeye: ulikuwa wapi nilipoiweka misingi ya dunia? Kwangu hizo ndizo sura nzuri kuliko zote, mvua ya mawe na mbuni na farasi wa vita, na ndizo zinazonisumbua kuliko zote, maana baba aliyefiwa na watoto kumi anaonyeshwa mbuni. Nilimwambia mama hivyo. Kwa kuwa siri ilishatoka nilijiona huru, hata nikazidisha. Akasema yeye hapo hutulia. Mtu mwenye msiba, alisema, hataki sababu, anataka aliyenyamaza aseme.

Sura ya 42. Ayubu anarudishiwa. Kondoo walikuwa elfu saba, sasa elfu kumi na nne. Ngamia elfu tatu, sasa elfu sita. Ng'ombe na punda vivyo hivyo, kila kitu mara mbili. Kisha wana saba na binti watatu.

Nikafunika kitabu. Nilikuwa nimeusubiri mstari huo tangu jioni ya kwanza.

"Mama, hapa ndipo wanaponipoteza. Wale wa kwanza hata majina hawakupewa. Hawa binti wapya wanatajwa, Yemima na wenzake, wanasifiwa kwa uzuri, mambo yamekwisha. Aliyeandika hivi hakuwahi kuzika mtoto."

Nilisema kwa ukali kuliko nilivyokusudia. Baba akaamka.

Mama hakujibu upesi. Alinyoosha mkono, akaupapasa ukurasa kama anayetafuta mshono.

"Kondoo mara mbili," akasema. "Ngamia mara mbili. Watoto?"

"Kumi."

"Mwanzo walikuwa wangapi?"

"Kumi."

"Kwa nini hao hawakuzidishwa?"

Nikasema sijui.

"Walizidishwa. Kumi hawa, na kumi wale. Wale hawakupotea, ndiyo maana hakupewa wengine mahali pao. Mwenye kuandika alikuwa amezika. Asingekuwa amezika, angeandika ishirini."

Hesabu yake haina kosa. Nimeirudia mara nyingi. Mimi nauona mstari ule kama mwandishi aliyeshindwa kupiga hesabu ya kifo, mama anauona kama hesabu pekee iliyopigwa sawasawa, na tarakimu ni zile zile. Baadaye nilijua wapo wafasiri wa kale waliosema kama yeye. Mama hakuwahi kuwasoma. Alikipata kwa kusoma sura ile kila mwaka akiwa na mtoto mmoja pungufu.

Nilitegemea angejaribu kunirudisha. Hakujaribu. Aliuliza swali moja tu, kama nitamzika kwa ibada au kwa namna yangu. Nikasema kwa ibada, na nitaimba. "Basi," akasema, "ila usiimbe kwa nguvu, una sauti mbaya."

Kuna barua ambayo Emma Darwin alimwandikia mumewe Charles, mwanasayansi Mwingereza wa mageuzi ya viumbe, mara baada ya kuoana mwaka 1839, akihofia kwamba shaka za mume zingewatenganisha milele. Darwin aliitunza. Chini yake aliongeza maneno machache kwamba yeye akishakufa, Emma ajue kuwa mumewe aliibusu na kuililia mara nyingi. Binti yao Annie alifariki mwaka 1851, ana miaka 10. Emma alibaki na dini yake, Charles akazidi kutoka. Wataalamu wanabishana kama kifo kile ndicho kilichomtoa au alikuwa ameshaanza kutoka zamani. Mwenyewe alisema kutoamini kulimjia taratibu mno. Wawili hao walikaa nyumba moja miaka mingine 31. Hiyo ndiyo sehemu inayonivutia, wala sielewi kwa nini watu hubishania ile nyingine.

Mwaka uliofuata macho yote mawili ya mama yalikuwa yanaona. Mwezi ule ulipofika alinipigia simu.

"Unakuja lini kunisomea?"

Nikamkumbusha kwamba sasa anasoma hata maandishi ya kwenye chupa ya dawa.

"Najua," akasema. "Unakuja lini?"

Nilikwenda. Alikaa pale pale, macho wazi, akinitazama mdomo. Safari hii sikumruka Elihu.